Mkono Wako Haukuua Migomba

Mama Nekesa, mwenzangu wa jembe,

Mulembe. Nakusalimu kwa lugha ya kwenu kwa sababu ndiyo salamu uliyonifundisha, lakini usidhani nimekuja kwa upole. Nimekasirika. Nimekasirika tangu Jumapili, na hasira yangu unaijua, haipozwi na chai.

Kui alirudi kutoka kwako akilia. Mjukuu wangu amebeba mtoto mchanga kutoka hapa mtaani Landless mpaka Kiuu, amemfunika shali juu ya shali, amepanda ngazi za ile ploti yenu ya ghorofa akiwa bado anatembea kwa maumivu ya kuzaa, ili wewe uwe mtu wa kwanza nje ya nyumba hii kumpakata mtoto wake. Na wewe ukafanya nini? Ukaingiza mikono chini ya leso. Ukamwambia, "Kui, mama, muweke hapo kitandani nimwone tu. Mkono wangu si wa kushika kitu kinachokua."

Haiya! Mkono gani huo? Ule ule uliomfundisha Kui kutembea?

Nimemwambia Kui aandike maneno haya vile yanatoka, kwa sababu mimi darasa sikulikanyaga na kalamu nikiishika inanicheka. Na nimemwambia akimaliza ayaweke kwa simu, pale penye chama chetu chote cha wanawake kinasoma. Akaniuliza, "Shosho, si tumpigie tu?" Nikakataa. Wewe hukusemwa kwa kupigiwa simu. Ulisemwa mbele ya watu, chai ikiwa mezani, na watu wakaendelea kunywa. Basi na kusafishwa utasafishwa mbele ya watu. Wewe Nekesa unayemsomea mama yako, soma polepole, na ukifika pale nimekuwa mkali usiruke.

Nakumbuka siku uliyoingia hapa. Ulikuwa umekaa juu ya sanduku la bati, Nekesa akiwa mdogo amekushika rinda, na kitu kimefungwa kwa gunia mapajani. Nilidhani ni kuku. Nikakuuliza, "Huyo kuku hajafa kwa joto?" Ukafungua gunia kidogo, nikaona mzizi una udongo na kichwa cha kijani kimechomoza. Ukasema, "Ni ndizi ya mama." Nilicheka mpaka majirani wakatoka. Mtu anasafiri kutoka Bungoma siku nzima amempakata mgomba! Mwenye nyumba wako alikataa upandwe kwa ploti yake, akasema utapasua ukuta. Ndipo ukaja kubisha kwangu, hatujajuana hata wiki. "Mama Wangari, nipe shimo moja tu. Hata pale maji ya bafu yanamwagika." Nikakupa. Ndivyo tulivyoanza, mimi na wewe, kwa shimo la nyuma ya bafu.

Na nakumbuka siku uliniomba munyu. Kwetu munyu ni chumvi tu, nikakuletea chumvi kwa kikombe. Ulikaa chini kwa kicheko. Halafu ukanionyesha ule munyu wenu wa majivu ya maganda ya ndizi, maji yanapitishwa juu polepole, yanadondoka ya rangi ya chai. Ukatia kidogo kwa kunde ngumu kama soli ya kiatu. Kunde zikalala zenyewe. Nikasema hii ni dawa ya kuvunja mwamba. Ukasema, "Hapana, ni upole. Inaambia mboga iache ubishi." Hilo neno ulikumbuke, nitalirudia.

Wangari wangu, mama yake Kui, wakati huo alikuwa kibarua kwa mashamba ya maua kule Ruiru, anaondoka kabla jogoo hajafikiria kuwika. Mimi niko sokoni na viazi. Nani alilea Kui? Ukitoka shifti ya kiwanda cha mananasi, badala ya kulala ulimchukua mtoto mgongoni. Mtoto huyu aliota meno akiuma bega lako. Akishikwa na tumbo usiku analia, hakutaka mimi, hakutaka mama yake, alitaka ule mkono wenye harufu ya mananasi umkande. Harufu hiyo haikuwa inatoka hata ukiosha na sabuni ya kipande. Mpaka leo Kui akikata nanasi ananusa viganja vyake kwanza. Nimemwona. Mwandishi wangu anatikisa kichwa hapa anasema nisiandike hilo. Andika.

Sasa tuje kwa ndizi.

Unakumbuka ngwatio yetu. Leo wanawake wote kwangu, kesho kutwa wote kwako, kila mtu jembe begani, shamba la mtu mmoja linaisha kabla ya chai ya saa nne. Wewe hukuwa na shamba, ulikuwa unakuja tu kwa sababu ulikuwa mwenzetu. Na kazi ya kung'oa mche wa ndizi hakuna mwingine aliyepewa. Wengine wanachimba kama wanatafuta maiti, wanamkata mama na mtoto. Wewe ulikuwa unapiga jembe mara chache, unainama, unasikiliza kama daktari, halafu mche unatoka mzima na mama yake hajui ameachwa. Mama Kimani, mwenyekiti wetu, ndiye alikuwa wa kwanza kusema, "Msiguse. Mngojeni Mama Nekesa." Mimi nilisikia kwa masikio haya.

Ni huyo huyo Mama Kimani aliyenunua ile miche ya ndizi ziitwazo kampala kutoka kwa lori lililosimama pale Witeithie. Sikatai, ndizi zilikuwa nzuri, nene, tamu. Na alitoa kwa moyo safi. Akasema kila mwanachama apate mtoto kutoka kwa ndizi zake, chama chote kile ndizi za aina moja. Tukapiga makofi. Nani aliing'oa miche hiyo kwake? Wewe. Nani aliipanda nyumba kwa nyumba? Wewe, na jembe lako lile lile, udongo wa Mama Kimani umekauka kwa shingo ya hilo jembe. Na sisi wengine nyuma yako na viatu vya gambuti vimejaa matope ya kwake. Hakuna aliyeosha. Nani anaosha jembe la ngwatio? Jembe la ngwatio linaoshwa na udongo wa nyumba inayofuata. Ndivyo tulivyofanya, na ndivyo mama zetu walivyofanya.

Halafu ndizi zikaanza kuugua. Majani ya chini kwanza, rangi ya njano kutoka pembeni. Yakavunjika shingo, yakaning'inia kuzunguka shina kama sketi ya mwanamke mzee. Shina likapasuka pale chini. Tulimwagilia maji. Ngai, tulivyomwagilia! Udongo umelowa mpaka kuku wanateleza, na mgomba juu umenyauka kama uko jangwani. Kwangu ukafa, kwa jirani ukafa, kwa Mama Kimani mwenyewe ukafa. Ni ule wa gunia tu, wa nyuma ya bafu, ulibaki umesimama na majani yake mapana, unapiga kelele na upepo kana kwamba hakuna msiba.

Na huo ndio uliofanya wakuchukie.

Kile kikao nitakisema chote, maana kuna wasichana wapya kwa chama ambao wameambiwa tu kwamba uliondoka kwa hiari. Tulikuwa kwa Mama Kimani. Akashusha kikombe, akapangusa mdomo, akasema, "Wamama, mimi sitaki kutaja mtu jina. Lakini kila mgomba uliopandwa na mkono mmoja umekauka. Tujiulize."

Mtu akasema kutoka nyuma, sauti ya chini, "Na ule wa kwao wa Bungoma, mbona hauna shida?"

Mwingine akajibu, "Si wanakuja na dawa yao huko."

Nikasimama. Nikasema, "Kwani siku ugali ukiungua kwako utasema pia ni mtu wa Bungoma?"

"Mama Wangari, kaa chini. Wewe umerogwa, umekaliwa kichwani."

"Nimekaliwa na nani? Na ndizi?"

Watu wakacheka. Nilifikiri nikiwachekesha tumeshinda. Nikageuka nikuone ukicheka, na wewe ulikuwa unaangalia viganja vyako. Unavigeuza, juu, chini, kama mtu ameletewa vitu vya watu wengine. Halafu ukasimama, ukasema, "Asanteni kwa chai." Ukachukua kikombe chako ukaenda kwa karai, ukakiosha mwenyewe, ukakiweka kando, mbali na vikombe vingine, kama cha mgonjwa.

Hakuna aliyekurudisha kukiweka na vingine. Mimi nilikuwa bado napiga kelele na Mama Kimani. Nilipogeuka tena, kiti chako kilikuwa kitupu.

Jioni nikakuta jembe lako limeegemea mlango wangu. Mlango wako una kufuli ya mwenye nyumba. Hukusema kwaheri, hukuniachia hata matusi. Nimekuwa na hasira na wale wanawake miaka hii yote, lakini leo nakwambia ukweli, nyingine ni yako. Nyingi ni yako! Mimi niko kwa uwanja napigana, jasho linatoka, kumbe mtu ninayempigania ameshakubali kesi. Uliwaamini. Walikuambia mkono wako una mkosi ukasema sawa, asante kwa chai.

Nimekuja Kiuu mara ngapi? Pale kwenu kila mwanamke ana sukuma wiki kwa gunia hapo roshani, hata yule kijana wa kuuza mayai amepanda dania kwa kopo la rangi. Kwako hakuna jani. Nikakuletea miche ya vitunguu, ukanipa koleo ukasema, "Panda wewe." Nikapanda mimi, nikiwa nimekasirika, ndiyo maana havikunyooka. Na wewe ukasimama mlangoni, mikono nyuma, kama mtoto ameambiwa asiguse vyombo.

Sasa nikuambie Kui aliona nini. Najua alikueleza Jumapili, najua ulimwambia, "Umesoma vizuri, mama," halafu ukarudisha mikono chini ya leso. Kwa hivyo nitakueleza mimi. Labda kwa Kui ilikuwa ya kizungu sana.

Unajua kazi yake huko maabara upande wa Juja ni magonjwa ya mimea. Mvua iliyopita alikuja hapa, tumbo limejaa, siku zake zimekaribia. Nilikuwa nimepanda kampala nyingine kwa lile shimo la zamani kwa ubishi wangu, nayo ikawa imeanza kuvaa ile sketi. Akachukua panga. Nikapiga nduru, "Wewe, utamzaa mtoto hapo kwa matope!" Hakusikia. Akakata shina pande kwa pande. "Shosho, njoo uone."

Mama Nekesa, ndani palikuwa pamechorwa. Mistari ya kahawia inayoelekea wekundu, kama madoa ya chai kwa kitambaa cheupe, yanazunguka. Akaniambia, "Hii ni mishipa yake ya maji. Imeziba."

"Nani ameziba?"

"Kuvu. Iko kwa udongo."

Mimi kuvu naijua ya mkate na ya mahindi yaliyonyeshewa. Kumbe kuna nyingine haionekani, inalala udongoni miaka na miaka, hata hakuna ndizi, imelala tu. Mzizi wa mgomba ukipita karibu, inaamka. Sasa angalia ujanja. Haina meno, haina kucha, haina mkono. Ndiyo, haina mkono! Kwa hivyo inatoa vitu. Kui anaviita molekuli. Ni vidogo hivi kwamba hata kwa ile mashine yao ya kukuza ambayo nywele inaonekana kama nguzo ya stima, hivyo havionekani.

Molekuli za kwanza zinayeyusha ukuta wa mzizi. Nikamwambia, "Kama munyu wa Mama Nekesa." Akacheka, "Karibu hivyo, Shosho. Zinaambia ukuta uache ubishi." Umeona? Analikumbuka neno lako.

Nyingine zinaingia ndani, na hizo ndizo zilinichemsha damu. Kumbe mgomba una walinzi wake. Mgeni mbaya akigusa mzizi, walinzi wanatakiwa kupiga nduru na mlango ufungwe hapo hapo. Sasa kuvu inatuma hizi molekuli zake moja kwa moja kwa walinzi, zinawaziba mdomo. Ni kama mwizi anayejua jina la mbwa wako. Anamwita, mbwa anatikisa mkia, na nyumba inabebwa mbwa akiangalia. Na bado kuna sumu inayotolewa, inapanda na maji mpaka juu, majani yanalegea. Halafu mgomba ukija kushtuka umechelewa. Unashika hofu. Unaanza kuziba mishipa yake wenyewe, ili adui asipande. Unaziba hapa, unaziba pale, na maji nayo hayapiti tena. Ndiyo maana tulimwagilia bure. Unakufa na kiu, miguu iko ndani ya maji.

Hapo nilikaa chini kwa matope na nguo yangu nzuri. Kui akadhani nimeanguka. Sikuanguka. Nilikuona wewe. Nilikuona hapo roshani Kiuu, mikono nyuma, umejifungia kila mahali ili ule ubaya usipande, na sisi tunaokupenda tunamwaga maji hapo chini, tunamwaga, hayafiki.

Nikamuuliza Kui, "Hizo molekuli zinajua mkono ulioshika jembe ulitoka wapi?"

Akasema, "Shosho, hazijui hata kama watu wako duniani."

Basi! Kitu hakijui kama tuko duniani, na sisi tukakifanyia kikao, tukakitafutia kabila.

Sasa sitakuficha lingine, maana mimi na wewe hatujawahi kudanganyana. Kui anasema jembe lilibeba. Udongo uliokauka kwa jembe ulibeba, na matope ya gambuti, na miche yenyewe ikiwa inaonekana mizima. Ilikuja na miche ya lori na ikatembea na ngwatio. Jembe lako lilibeba zaidi kwa sababu lilichimba zaidi. Na lilichimba zaidi kwa nini? Kwa sababu tulikuita! "Msiguse, mngojeni Mama Nekesa!" Kila jembe lilikuwa na udongo ule. La Mama Kimani. Langu. Lakini lililoitwa chafu ni moja tu, na hata si jembe lilisemwa, ni mkono. Jembe linaoshwa. Mkono wa mtu ukishasemwa, unauoshea wapi? Na ukifika hapa useme, "Basi ni mimi kweli," nitakuja hapo Kiuu nikupige na hilo hilo jembe, na majirani wako waitane.

Nikamuuliza Kui pia kuhusu ule wako wa gunia, kwa nini haufi na uko hatua chache kutoka kwa shimo la wafu. Akasema huo mizizi yake inaujua uongo. Ile molekuli ikija kumwita mbwa kwa jina, walinzi wa mgomba huu wanaitambua sauti, wanafunga mlango mapema kabla kuvu haijafika mbali. Akaniambia nisijisifu, kuvu ina aina nyingi na siku moja inaweza kuja ambayo mgomba huu hauijui. Sawa. Lakini kwa ile iliyotumaliza sisi, ndizi ya mama yako ilisimama. Hakuna dawa iliyofukiwa hapo. Kuna mzizi mjanja, na maji ya bafu.

Unajua walikuja kuukata? Sikuwahi kukuambia. Wiki ile uliyoondoka walikuja na panga, Mama Kimani mbele. "Mama Wangari, tunasafisha mashamba yote." Nikapindua karai, nikakaa juu yake hapo chini ya mgomba, nikakunja mikono. Nikawaambia, "Kateni. Lakini mnaanza na mimi, na mimi ni mgumu kuliko ndizi." Wakatia panga kwapani, wakaenda.

Jumatatu asubuhi, baada ya Kui kulia usiku wote, nilienda langoni kwa Mama Kimani. Sikuingia. Nikamwambia yote, mishipa na walinzi na lori la Witeithie. Alisikiliza. Halafu akasema, "Haya, Mama Wangari, hayo si yalipita."

Nikamwambia, "Yalipitia wapi? Mimi sikuyaona yakipita. Yako Kiuu, yamekaa kwa kitanda, yamefunikwa na leso. Jana yamekataa kumshika mtoto."

Alichezea komeo la lango, akalifunga, akalifungua. Mwisho akauliza, "Na nikimsalimia, ataitika?"

"Hilo utamuuliza yeye. Mimi si posta."

Lakini nikamwambia Jumamosi, chama kikikutana kwangu, aje mapema. Ataosha vikombe, na cha kwanza atakachoosha ni chako, na atakiweka katikati ya vingine. Alikubali. Kama anasoma hapa, na najua anasoma, asijaribu kusahau.

Sasa sikia ya Jumamosi. Mkungu wa ndizi yako umejaa, bado kijani, vile unapenda wa kupika, na hakuna aliyeugusa. Na kuna kitoto kimechomoza hapo kando. Wale wale waliosema ni dawa wananiuliza sasa kwa sauti tamu, "Mama Wangari, tunaweza kupata mche?" Nimewakatalia. Kui amesema udongo wa hapa haufai kutoka tena kwa nyumba hii kwenda kwa mwingine. Anataka kukichukua kitoto kimoja akipeleke maabara, wakikuze kwa chupa, bila udongo, kizae vingine visafi, ndipo chama kigawe. Lakini kitolewe bila kidonda, na mama yake asijeruhiwe. Akaniuliza, "Shosho, nani ataking'oa?" Nikamwonyesha jembe lako kwa kidole. Akainamisha kichwa akaendelea kunyonyesha.

Jembe lako liko hapa. Halijachimba shimo lingine tangu uliache. Nimelisugua kwa brashi mpaka shingoni, nikalilaza kwa ile dawa ya kufulia nguo nyeupe kama Kui alivyonifundisha, nikalianika. Linang'aa kama sahani ya harusi. Hata nimeona uso wangu ndani yake na nikashtuka jinsi nimezeeka. Tumezeeka, Mama Nekesa. Mimi magoti, wewe macho. Hatuna muda wa kukaa kila mmoja kwa chumba chake, tumefunga mishipa.

Nekesa, Jumamosi umlete mama yako. Akisema anaumwa mguu, mlete na mguu. Akisema hana nguo, mlete na ya kulala.

Na wewe, usipokuja, usifikiri nitaandika tena. Nitapanda ngazi za hiyo ploti mimi mwenyewe na magoti haya, nimebeba mtoto wa Kui. Sitakusalimia. Sitakaa. Nitamweka mapajani mwako hapo juu ya leso, na nitaachilia mikono yangu. Halafu tutaona sote kama huo mkono wako utamwacha aanguke.

Ni mimi,
mwenzako wa jembe na wa shimo la nyuma ya bafu,
Shosho wa Kui,
Landless, Thika